Baba anataka kunilipia chuo ila mama hataki hata kumsikia, naombeni ushauri

KijanaWaShangani: Habari za humu wakubwa. Mimi ni kijana wa miaka 19, naishi Mtwara mjini na mama na wadogo zangu wawili, nimemaliza form six mwaka huu na matokeo siyo mabaya. Wazazi waliachana nikiwa darasa la sita, baba akabaki Tandahimba kwenye mikorosho, mama akaja mjini anauza samaki. Miaka yote hiyo baba hapigi simu, hata jando nilisimamiwa na mjomba. Sasa juzijuzi kanipigia mwenyewe ananiita mwanangu, anasema nisihangaike na mkopo wa bodi yeye atalipa ada mpaka namaliza, cha msingi niende nikakae naye kidogo. Mama nikimgusia tu ananyamaza siku nzima. Niende au nisiende? Nimechoka kuwa katikati.

Bi_Mikindani: Nenda mwanangu, baba ni baba. Mimi wangu aliniacha mdogo, nikaja kumfuata Liwale nina watoto tayari, nikamkuta kitandani hanitambui, nikamuogesha mpaka alipoondoka. Sijutii hata kidogo. Mama atanuna mwisho atazoea.

fundi_salfa: Hela ya mikorosho ya ahadi muogope dogo. Mwaka 2018 serikali iliposema inanunua kwa 3,300 kilo na malori ya jeshi yakaja kubeba, mzee wetu alituahidi kila mtoto simu, tumengoja mpaka tumeota ndevu. Omba mkopo wa bodi kama kawaida.

Njomba_Newala: Mjomba anasemaje? Kwetu Wamakonde mtoto ni wa ujombani, aliyekusimamia jando ndo wa kukushauri. Halafu mtu hakai kimya miaka yote hiyo akakukumbuka tu hivihivi. Anataka nini kwako?

KijanaWaShangani: Mjomba sijamwambia. Iko hivi, mama kafungua kesi ya kugawana mali, baba anataka nikaseme mahakamani kwamba shamba alikuwa nalo kabla hajamuoa mama. Na ni kweli alikuwa nalo, alirithi kwa babu, kwahiyo siendi kudanganya jamani.

mama_sheria: Shamba alikuwa nalo, sawa. Mikorosho iliyomo leo kapanda nani? Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 114, mali ya mmoja ya kabla ya ndoa ikiendelezwa kwa kiasi kikubwa na mwenzie au kwa nguvu za wote wawili, nayo inaingia kwenye mgawanyo. Na tangu kesi ya Bi Hawa Mohamed na Ally Sefu, 1983, Mahakama ya Rufani ilishakubali kwamba hata kazi za nyumbani ni mchango. Utakachoulizwa kizimbani siyo hicho tu alichokufundisha baba yako.

KijanaWaShangani: Ile ya juu ya kisima kapanda mama, mimi nilikuwa namshikia miche, nipo darasa la pili. Alikuwa anapalilia na mdogo wangu mgongoni. Baba kasema hayo nisiyaguse. Ila dada yangu nielewe, nikisoma mimi hata wadogo zangu watapona, na laki sita kashanipa, nishanunua kompyuta ya chuo.

KoroshoDaraja1: Wakuu mnalishwa matango pori. Mwezi wa saba huu mkulima wa Tandahimba laki sita ya kugawa anaitoa wapi? Minada ya korosho inaanza mwezi wa kumi, saa hizi watu ndo wanapuliza salfa, dawa ya mikorosho, mifuko mitupu. Stori ya kutunga hii.

Bi_Mikindani: Ee jamani, na mimi nimemwaga ya baba yangu hapa kumbe naongea na mtu hewa?

fundi_salfa: Na ufuta? Minada ya ufuta si ndo miezi hii.

KijanaWaShangani: Baba halimi ufuta. Sijatunga, nilikuwa naona aibu kusema. Kauza kangomba, korosho bado maua kashachukua hela kwa mtu, na kauza korosho za shamba zima pamoja na hiyo ya juu ya kisima.

KoroshoDaraja1: Kangomba kwenye shamba lenye kesi? Aisee. Basi endelea dogo, nakusikiliza.

mama_sheria: Kwahiyo laki sita yako imetoka kwenye mali inayogombaniwa. Sikiliza mdogo wangu, ukishakula kiapo ukaulizwa nani kapanda juu ya kisima ukajibu sijui huku unajua, ni kosa la jinai na linakuwa lako wewe, baba hatokusaidia. Mama ana wakili? Kama hana aende ofisi ya ustawi wa jamii pale halmashauri aulizie wasaidizi wa kisheria, kuna Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017, watu kama yeye ndo walengwa.

KijanaWaShangani: Hana, anasimama mwenyewe. Kesi Jumanne, baba kashatuma na nauli.

Njomba_Newala: Mjomba alikuwepo wakati wa kupanda?

KijanaWaShangani: Alikuwepo. Miche aliitoa yeye kule Naliendele, kwenye kituo cha utafiti wa kilimo, kwa hela yake.