Ushauri: mnara wa mita 12 na yagi, au nivute waya tu?

Mawimbi Mafupi
Wakuu, habari za humu. Naombeni ushauri wa haraka, nina siku 4 tu kabla jamaa wa kunisaidia hajasafiri.

Leseni ya redio ya ridhaa ninayo, redio ya wati 100 ninayo. Mwaka mzima nimetumia dipoli (antena ya waya wenye mikono miwili) niliyoipitisha ukingoni mwa paa, kama mita 4 kutoka chini. Watu wa karibu nawasikia vizuri, wa mbali nawasikia kama wamefungiwa ndani ya pipa. Sasa nimepata mnara uliotumika, vipande 4 vya mita 3, na yagi, yaani antena ya kuelekeza upande mmoja, ya elementi (mabomba) 3, ya bendi ya mita 20 (megahezi 14 hivi).

Uwanja wa nyuma ni mita 11 kwa 16. Je, yagi kwenye mita 12 itanipa tofauti ya maana kuliko dipoli, au najisumbua? Na kebo niliyonayo ni RG-58, mita 30. Inafaa?

Naomba tujikite kwenye swali. Mambo ya usalama nimeshayaangalia.

Fundi Waya
Utaiona tofauti, tena siku ya kwanza. Yagi ya elementi 3 inazidi dipoli iliyo kwenye kimo kilekile kwa kama desibeli 5 upande inakoelekea. Maana yake wati 100 zako zinasikika kama 300 hivi. Halafu kuna kimo chenyewe: kwenye bendi ya mita 20, mita 4 ni ndogo mno, mawimbi mengi yanapanda juu na kurudi jirani. Ukifika mita 10 au 12, ambayo ni nusu ya urefu wa wimbi na kitu, ndipo yanaanza kulala na kwenda mbali.

RG-58 iache. Kwa mita 30 kwenye megahezi 14, karibu theluthi ya nguvu yako itaishia kuipasha kebo joto. Tafuta RG-213, hasara inapungua kama nusu.

Na upepo usiuchukulie poa. Kasi ikiongezeka mara mbili, nguvu inayosukuma antena inaongezeka mara nne.

Mzee wa Morse
Kebo! Mmenikumbusha mbali. Kuna mwaka SWR yangu (kipimo cha nguvu inayorudi kutoka kwenye antena, ndogo ndiyo nzuri) ilishuka yenyewe hadi 1.2, kila bendi, sijagusa kitu. Nikatamba kwa wenzangu miezi miwili kwamba nina mkono wa dawa. Siku moja natoa kichwa cha kebo, maji yakanimwagikia mapajani. Kebo ilikuwa imekunywa mvua kupitia kiungo cha juu, inameza nguvu ikienda na inameza inayorudi, kwa hiyo mita ya SWR haioni kitu. Toka siku hiyo SWR nzuri kupita kiasi naiogopa kuliko mbaya.

Samahani mleta mada, endelea.

Ukimya Bendi Zote
Mimi nimeweka kiti hapa. Mtu akisema "usalama nimeshaangalia" huwa najua uzi utafika ukurasa wa 6.

Bibi Redio
Hata mimi nimesimama kwenye sentensi hiyohiyo. Mwanangu, tuambie mambo matatu kabla hatujafika kwenye desibeli: msingi utakaa wapi, stei (waya za kushikilia mnara) zitafungwa wapi, na kuna nini ukinyanyua macho ukiwa umesimama hapo?

Mawimbi Mafupi
Shikamoo Bibi. Msingi uko sawa, upande wa dirisha la chumba cha redio ili kebo iwe fupi. Zege limekaa vizuri kabisa. Stei 3 kama kawaida. Nirudi kwenye kebo: nikitumia RG-58 kwa muda tu, halafu nibadilishe baadaye?

Bibi Redio
Marahaba. "Limekaa"? Kwa hiyo zege umeshamwaga?

Mawimbi Mafupi
Ndiyo, siku 9 zilizopita. Shimo lilikuwa tayari na mvua ilikuwa inakuja, ningeliacha lingejaa maji. Ni mita 1 kwa 1, kina mita 1.2, nondo ndani. Sijakurupuka.

Fundi Waya
Shimo zuri, sikatai. Ila zege hufikia nguvu yake iliyopangiwa kama siku ya 28. Siku ya 13 kupandisha mnara ni kuomba Mungu. Jamaa asafiri, akirudi atalikuta zege limekomaa.

Ukimya Bendi Zote
Kwa hiyo swali la "mnara au waya" limekuja siku 9 baada ya zege. Huu si uzi wa ushauri, ni mwaliko wa harusi.

Bibi Redio
Hujajibu la tatu. Ukinyanyua macho unaona nini?

Mawimbi Mafupi
Bibi unanibana kweli.

Nyuma ya ukuta kuna laini ya umeme, inakwenda sambamba na upande mrefu wa uwanja. Kutoka kwenye msingi ni kama mita 5. Sikuitaja kwa sababu nilijua wote mtakimbilia huko na swali langu litakufa. Mnara hauangukii upande huo, utakuwa na stei. Na siku ya kupandisha kutakuwa na mtu anavuta kamba kuelekea uwanjani muda wote. Mnara nimeshaulipia, yagi nimeshailipia, zege liko chini. Nifanyeje, nilime mchicha juu yake?

Bibi Redio
Swali lako lilikufa siku ulipochimba, sisi tumelikuta maiti.

Hebu tuchukulie mnara haukuanguka kabisa, umesimama wima kama mwanajeshi. Elementi ndefu ya yagi yako ina mita 10 na kitu, nusu yake ni 5 na kidogo. Ongeza urefu wa boriti ya katikati. Ikizungushwa, ncha inachora duara ambalo kutoka katikati hadi ukingo ni karibu mita 6. Laini iko mita 5. Yaani antena ikiwa nzima, siku tulivu, wewe umekaa ndani unageuza rota (mota ya kuzungusha antena), alumini inapita juu ya nyaya za umeme. Bolti moja ikilegea imeangukia huko. Na kanuni ya mlingoti wowote ni kwamba ukianguka upande wowote, pamoja na antena yake, usiifikie laini. Wako ni mita 12 kwa 5.

Niliwahi kumshika mkono mwenzangu akiwa amesimamisha bomba la alumini la mita 8, anaangalia chini atafute tundu la kulichomeka. Chini! Ncha ilikuwa imebakiza kama urefu wa mkono kufika kwenye waya. Hakuwa mjinga, alikuwa na haraka tu. Mpaka leo bomba lolote linalonyanyuliwa, mimi natazama ncha.

Subira Mtunzaji
Ndugu yangu, una familia? Hobi isiyokurudisha mezani jioni si hobi. Tunapenda vitu kuliko uhai siku hizi. Uza huo mnara, kaa na wanao, sikiliza redio ya kawaida.

Mzee wa Morse
Hapana Subira, usimtoe kwenye redio. Mtoe kwenye kona.

Na asione aibu, minara imewaangusha wakubwa. Marconi, yule mwanzilishi wa redio, alijenga kituo Poldhu, Uingereza, duara la milingoti 20, kila mmoja mita 60 hivi. Septemba 1901 dhoruba ikalaza yote. Akasimamisha mbadala wa haraka wenye milingoti 2. Desemba 12 mwaka huohuo, ng'ambo ya Atlantiki kule Newfoundland, akapokea kwa waya uliobebwa na tiara. Waya na tiara! Ukiniambia bila yagi hakuna mbali, nitakupigia morse usoni.

Nyuzi 90
Nimesoma mwanzo mpaka hapa na sasa nasema wazi: hii ni chai.

Fuatilieni. Mleta mada anasema msingi uko upande wa dirisha, na kutoka msingi hadi laini iliyo nyuma ya ukuta ni mita 5 tu, sawa, yuko ukutani. Kebo ni fupi kwa sababu nyumba iko palepale, sawa, yuko na ukuta wa pili. Ukuta huku, nyumba kule, hiyo ni kona. Halafu anasema "stei 3 kama kawaida". Stei 3 zinatakiwa ziachane nyuzi 120, na nanga ziwe mbali na mnara kiasi cha asilimia 60 hadi 80 ya kimo, yaani mita 7 hadi 10 kwa mnara wa mita 12. Kwenye kona una nyuzi 90 tu za kuchezea. Stei ya tatu inafungwa hewani?

Mtu aliyechimba kweli lile shimo angeshaligundua hilo siku ya kwanza. Huyu amekaa kitandani anatunga, nanyi mnamhesabia desibeli. Weka picha ya msingi tuone.

Ukimya Bendi Zote
Ukurasa wa 2 tu na chai imeshamwagwa. Nimekosea utabiri.

Fundi Waya
Hesabu ya Nyuzi 90 imenishika hata mimi. Mleta mada, stei ya tatu iko wapi?

Mawimbi Mafupi
Situngi. Mikono yangu bado ina mabaka ya saruji.

Picha nilipiga moja, imetoka giza. Stei mbili nanga zake ziko ndani ya uwanja. Ya tatu nilipanga ipite juu ya ukuta, ishuke upande wa pili, pale kuna nafasi wazi. Inapita chini ya laini, haigusi. Nilipima kwa macho.

Bibi Redio
Bora ungekuwa unadanganya.

Waya wa chuma, umekazwa, chini ya laini ya umeme. Ukikatika haudondoki kama uzi, unaruka kama mjeledi, na ncha ya pili imefungwa kwenye mnara ambao umeushika wewe.

Nyuzi 90
Sawa, nafuta neno chai. Natafuta neno jingine.

Mzee wa Morse
Sasa tuache kumpiga, amesema ukweli mwishowe. Tumpe kitu cha kufanya.

Uwanja wako ni mita 16. Dipoli ya bendi ya mita 40 (megahezi 7 hivi): gawa 143 kwa megahezi 7.1, unapata mita 20.1, mkono mmoja 10. Chukua nguzo ya faibaglasi ya mita 9, isimamishe upande wa pili wa uwanja, ukuta ule wa mbali kabisa na laini. Hapo utakuwa mbali na nyaya kama mita 14, hata nguzo ikilala yote haizifikii. Mikono iteremke kama V iliyopinduliwa, ncha ziishie mita 2.5 kutoka chini. Kila mkono utachukua mita 7 na nusu hivi za ardhi, jumla 15. Inaingia! Kwenye kiungo hichohicho ongeza mikono mingine ya mita 5 kwa ajili ya bendi ya mita 20. Weka baluni ya 1:1 (kifaa cha kuunganisha kebo na mikono ya antena) pale juu, la sivyo nje ya kebo itageuka antena na sauti yako itatokea kwenye spika za jirani.

Fundi Waya
Na fimbo ya ethi unayoizamisha kwa ajili ya antena iunganishe na ethi ya nyumba kwa waya mnene. Ethi mbili zisizojuana, radi ikipiga jirani, zinatofautiana umeme, na njia ya kusawazisha inakuwa redio yako.

Mawimbi Mafupi
Nawaelewa. Ila nikiuweka mnara vipande 2 tu, mita 6, bila stei, na bila yagi? Nguzo tu ya kushikilia V? Zege lisipotee bure.

Bibi Redio
Mita 6 kwa laini iliyo mita 5. Soma tena ulichoandika, polepole.

Mawimbi Mafupi
Sawa Bibi.

*(siku 6 baadaye)*

Mawimbi Mafupi
Mrejesho. Jamaa alisafiri. Nguzo ya faibaglasi imesimama ukuta wa mbali, niliipandisha na mdogo wangu, mmoja ananyanyua, mwingine kazi yake kutazama ncha tu. SWR kwenye 7.1 ni 1.4. Kwenye 14.2 iko 2.1, waya bado mrefu, inashuka nikienda chini kwenye 13.9. Jana usiku nimejibiwa kutoka bara jingine kwa mara ya kwanza, kwa morse, wati 100. Nimekata kidogo leo asubuhi, nitakata tena kesho.

Fundi Waya
Usikate! Kunja ncha irudi nyuma na uisokotee kwenye waya wenyewe, inafupisha vilevile. Ukikosea unakunjua. Uliyokata umekata.

Mawimbi Mafupi
Ungeniambia asubuhi.

Mnara bado umelala uwanjani. Siuuzi kwanza. Kuna mtu ameshawahi kuhamisha msingi wa zege?

Ukimya Bendi Zote
Ukurasa wa 6 huo unakuja.

Nyuzi 90
Picha ya hiyo V?

Mawimbi Mafupi
Giza limeshaingia mkuu. Kesho.