Tupeane uzoefu: benchi la useremala la nyumbani lisiloyumba

MtuWaBanda
Assalaam aleykum ndugu zangu. Nina kibanda uani hapa Fuoni, bati juu, saruji chini. Mpaka sasa nafanyia kazi kwenye meza kuukuu ya kulia, na nikipiga randa meza ndiyo inayokwenda mbele, ubao umetulia. Nataka benchi la kudumu. Michoro ya mitandaoni nimeiona, lakini mbao zao si zetu na hewa yao si yetu. Mlionayo mabenchi tayari hebu semeni: mti gani, kimo gani, na mmelizuia vipi lisiyumbe?

RandaYaBabu, Chake Chake
Waaleykum salaam. Watu wengi huhangaika na meza ya juu, kumbe ugonjwa uko miguuni. Unaposukuma randa, nguvu yote inakwenda kwa urefu wa benchi na kuishia kwenye viungo. Msumari hapo ni wa muda tu, tundu lake litapanuka na benchi litaanza kucheza. Unga kwa ulimi na tundu, yaani ncha ya ubao uliyoichonga nyembamba iingie kwenye tundu la mguu, na uweke mbao za kuunganisha miguu chini, mbele na nyuma, pana kiasi cha inchi 6 hivi. Upana wa hizo mbao ndio unaozuia kuyumba.

Miye sikutia gundi kwenye viungo vya miguu, nimevifunga kwa vigingi. Unatoboa mguu kwanza kupitia tundu. Unauingiza ulimi mpaka mwisho, unatia alama ya keekee juu ya ulimi, kisha unautoa. Sasa unapoutoboa ulimi usifuate alama ile ile, sogea kama milimita 2 kuelekea bega la ulimi, pale ulimi unapoanzia. Ukija kugonga kigingi, matundu hayaoni sawasawa, kwa hivyo kigingi kinalazimika kuuvuta ulimi ndani, na bega linabana mguuni mpaka karatasi haipiti. Kigingi kiwe cha mti mgumu mkavu, ukichonge ncha iwe nyembamba.

Mti niliotumia ni mfenesi ulioanguka shambani kwetu. Mzito, hauliwi ovyo na wadudu, na rangi yake ya manjano inageuka kahawia kila ukikaa. Lakini nilizipanga mbao kivulini na papi katikati ili upepo upite. Wazee wanasema mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene, na kwa hewa yetu hii ya chumvi na masika siwezi kuwabishia.

MbaoZaBandarini
Maalim, si kila mtu ana mfenesi ulioanguka! Sisi wa mjini tunanunua paini inayoshushwa kutoka bara, na inatosha. Chukua mbao 12 za mbili kwa nne, zisimamishe kwa ubavu, zigandishe kwa gundi nyeupe. Unapata upana wa karibu sentimita 60 na unene unaokaribia 10 kabla ya randa. Huna vibanio? Pigilia vipande viwili vya mbao sakafuni, panga mbao zako katikati yake, kisha gonga kabari pembeni mpaka gundi itoke. Gandisha chache chache, gundi haikusubiri.

Watasema paini ni laini, inapata makovu. Vizuri! Kovu likae kwenye benchi, lisikae kwenye mlango wa mteja. Ila pale dukani zinyanyue mbao moja moja. Ile nzito kuliko wenzake bado ina maji, iache.

BiVikasha
Kaka MtuWaBanda, umeuliza kimo na hakuna aliyekujibu, maana wote hao ni warefu. Simama wima, viatu vyako vya kazi miguuni, mikono ining'inie. Pale vifundo vya ngumi vinapofika, au juu kidogo mpaka pale kiganja kinapoungana na mkono, ndipo pa kupigia randa, kwa sababu unasukuma kwa mwili mzima. Wengi wanaangukia sentimita 80 mpaka 85. Miye ni mfupi, na fundi aliniletea benchi la 90 akasema ndicho kipimo chake kwa kila mtu. Nilikuwa nasukuma kwa mabega, usiku silali. Nikamwita kijana akakata miguu.

Kwa kutia nakshi ni kinyume chake, nataka kazi inikaribie macho. Nina kibenchi kidogo nakiweka juu ya benchi kubwa na kukibana. Hakina haja ya kuwa kizuri.

GhorofaMjiMkongwe
Miye niko juu, Mji Mkongwe, ngazi nyembamba na zina kona. Benchi la kipande kimoja lingebaki uchochoroni mpaka leo. Miguu miwili ya kushoto nimeiunga pamoja isifunguke, na miwili ya kulia vivyo hivyo, halafu mbao ndefu za chini zinafungwa kwa boliti na nati, ndipo meza inakaa juu. Nikihama nafungua kwa spana. Masika yakipita nazikaza boliti, maana mbao hunywa unyevu na kuuachia.

Wa ghorofani angalieni sakafu. Zetu zimelala juu ya boriti za mikoko, katikati ya chumba panabonyea ukitembea. Lisogeze benchi karibu na ukuta ambako boriti zimeingia kwenye mawe. Hapo halidundi, na jirani wa chini hakugongei.

MtuWaBanda
Shukrani sana. Meza ya juu nayo mnaifungaje na miguu? Na mchwa je, huku kwetu wamejaa.

RandaYaBabu
Ubao hutanuka kwa upana, kwa urefu hauna habari. Kwa hivyo meza ifungwe imara upande wa mbele, na nyuma matundu ya boliti uyafanye marefu kidogo ili ipate kusogea. Uso wa miguu ya mbele uwe sawa na ukingo wa meza, usiingie ndani, ndipo utaweza kubana mlango mzima ubavuni. Mchwa: sakafu ya saruji tayari inasaidia. Weka kila mguu ndani ya kikopo chenye mafuta machafu, na usiegemeze benchi ukutani.

TezoNungwi
Sisi majahazi tunayachonga chini, kwa tezo, mguu ukiwa ndio kibanio, lakini viti vya nyumbani nafanyia benchini. Jiliwa nzuri, kile kibanio cha kukaza kwa skrubu, ni ghali, usiisubiri. Piga kizuizi cha mti mbele ya benchi, ubao ugote hapo, ubavuni tia vipande viwili na kabari mbili. Unapiga randa siku nzima. Na usitumie mnazi kwa meza ya juu. Nje mgumu, ndani unga, na unamaliza makali ya msumeno hata hujaona.

MtuWaBanda
Na mvinje? Kuna mmoja umekatwa hapa jirani.

TezoNungwi
Mzito kweli, lakini ukikauka unapasuka na kupinda. Tia rangi ncha za magogo leo leo, ukaushe pole pole, na utakaonyooka ufanye miguu. Uliobaki wa kuni.