Paa limebaki mabakamabaka baada ya kuoshwa

Wakuu habari, niko Ilazo hapa Dodoma, paa langu ni zile bati zenye changarawe, juzi nimeita mafundi wakaosha kwa mashine ya presha, sasa limekauka naona upande mmoja umepauka mwingine bado mweusimweusi, shida nini?

— Mkuu cheki kwenye gata, ukikuta changarawe nyingi ujue presha imezibandua, hapo rangi hairudi hata waoshe tena.

— Kama gata safi basi ni ukungu haujatoka, hasa chini ya mwarobaini. Unataka klorini iliyochanganywa na maji, ikae kidogo halafu suuza kwa mpira wa kawaida, ila lowesha bustani kwanza mimea isiungue.

— Na upande unaopigwa jua sana unapauka wenyewe, vumbi la Dom lilikuwa limeficha tu. Presha wasirudie kabisa!