MAFUNDI BASKELI WA PEMBA MNATUULIA GIA ZA NDANI HALAFU MNASEMA HABU IMEKUFA

Asalaam alaykum wakuu. Leo nna hasira na sitaki mtu anambie nipunguze. Hivi fundi akikwambia "hii gia ya ndani ishakufa, tutoe tuweke habu ya kawaida" (habu ndo kile kitovu cha gurudumu, ya kawaida ni isiyo na gia) huwa ameifungua akaitazama au ameona waya umelegea tu basi keshahukumu?

Baskeli yangu ni mtumba wa Japani, zile za kikapu mbele, gia 3 ndani ya habu ya nyuma, zimejaa kila pahala mnazijua. Ilikuwa inabadili gia vizuri haina kelele. Tairi la nyuma likapata pancha nkampelekea fundi mmoja hapa Chake, jina simtaji, azibe pancha. PANCHA TU. Naichukua, gia ya 1 haiingii kabisa, ya 2 inashika ikitaka yenyewe, nikikaza kilimani inaachia mguu unakanyaga hewa, nusra nijichome na usukani kifuani. Narudi kwake ananambia "sheikh, hizi gia za Kijapani zikishaguswa basi tena". Zikishaguswa na nani bwana fundi? Si wewe uliyezigusa!

Kwa wasiojua, tairi hilo hulitoi bila kwanza kufungua mambo ya gia. Upande wa kulia mwisho wa ekseli kuna kidude kimefungwa, waya unakivuta, nacho kikivutwa kinasukuma kipini chembamba kinachoingia ndani ya ekseli, na hicho kipini ndo kinachochagua gia. Waya ukilegea unabaki na gia ya 3, ile nzito. Ukiukaza kupita kiasi ya 1 unayo lakini ya 3 huioni tena. Hakuna uchawi hapo wala Ujapani, ni urefu wa waya tu.

Sasa mara ya pili nkasema sitoki, nakaa hapa hapa juu ya benchi nimtazame. Wallahi bora nisingeona. Kachukua plaizi kakamata waya kauvuta kwa nguvu zake zote kakaza nati, nyuzi za waya zishaanza kufumuka pale plaizi ilipong'ata, halafu anaupiga kwa kidole anasikiliza unavolia, ati "umekaza huo". Nani kakwambia gia inataka kukazwa?? Breki ndo inavutwa hivo. Nkajaribu, gia ya 1 imerudi, ya 3 imekwenda zake. Akakichomoa kile kidude kwa hasira, kipini kikateleza kikaangukia mchangani na yeye hana habari, alipokuja kushtuka hakitafuti, kaokota spoku mbovu anaipima kwa jicho pembeni ya ekseli aikate aingize humo! Nkamshika mkono. Jamani kile kipini kina urefu wake kulingana na ekseli, hata kiwandani vipo vya urefu mbalimbali, kikiwa kifupi hakifiki na kikiwa kirefu kinasukuma muda wote hata waya uwe umelegea vipi. Tukakaa tunachekecha mchanga kwa vidole mimi na mwanafunzi wake, tukakipata chini ya kopo la solusheni.

Na bado. Lile kava la waya la zamani kalikata kwa sababu "limechakaa", kaweka kava la breki. Hapa ndo mafundi wetu wengi wanapoanguka na hawataki kuambiwa. Kava la breki ndani yake chuma kimezungushwa kama springi, likibanwa linajikunja kidogo linafupika, kwenye breki hulijui hilo. Kava la gia nyaya zake zimelala kwa urefu, halifupiki. Gia hizi zinakwenda kwa milimita chache sana, sasa milimita hizo kava lenyewe zishazila. Na kalikata fupi mno, nikikata kona kwenda Wesha usukani unavuta kava na gia inajibadilisha yenyewe!

Marekebisho yenyewe mtoto wa darasa la sita anayaweza. Gia iweke 2, zungusha pedeli kidogo, tazama kile kidirisha cha kidude, ndani kuna mstari wa rangi, unataka ukae katikati ya alama. Haujakaa? Zungusha kwa vidole ile nati ya waya mpaka ukae, funga kontranati, ile nati ya pili inayoizuia isilegee. Rudi 1, nenda 3, rudi 2, tazama tena. Basi. Plaizi haihitajiki popote. Zile habu za gia 7 na 8 za Shimano, kampuni ya Kijapani, unaweka gia ya 4 unalinganisha mistari miwili, wazo ni lile lile.

Wazee wetu wa baskeli za Raleigh walikuwa wanayajua haya, wale wenye habu za gia za Sturmey-Archer za Nottingham, Uingereza, zile zenye kicheni kidogo kinatoka kwenye ekseli. Gia ya 2, unachungulia tundu la nati, ncha ya kijiti iwe sawa na ncha ya ekseli. Na walijua kati ya 2 na 3 ya habu zile kuna pahala patupu, waya ukikaa vibaya unakanyaga hewa, kwa hiyo hawakuuchezea. Leo unambiwa ni teknolojia ngeni!

Mtu wa Unguja atasema weka habu ya kawaida uishi, ye anatoka Darajani kwenda Fuoni barabara imelala. Huku ni vilima. Gia ya 1 ya hizi ni 0.73 na ya 3 ni 1.36 (yaani meno ya nyuma yakizunguka mara moja, tairi linazunguka mara hizo), ukiwa na gunia nyuma hiyo 0.73 ndo tofauti ya kupanda na kushuka ukasukuma. Sipendi kusukuma baskeli nliyoinunua nipande.

Tena kuipanda hivo hivo inateleza ndo kuiua kweli, meno ya ndani yanasagika. Yaani fundi anasema imekufa ikiwa nzima, wewe unaendelea kuipanda mbovu, baada ya muda maneno yake yanakuwa kweli. Na lile tairi "lilokufa" ati nimwachie yeye anipunguzie ufundi. Mzoga unautakia nini? Na zile washa mbili zenye ulimi zinazozuia ekseli isizunguke kwenye uma, ya kulia sijaiona mpaka leo, nikiuliza ananambia "ilikuwa imezidi". Imezidi!! Wajapani wameifunga kwa mchezo?

Haya, nnachotaka: kava la gia la kweli, sio la breki, mita mbili, na hiyo washa ya kulia. Alieliona Wete au Mkoani aseme duka lipo wapi, hata Unguja nitaagizia kwa boti. Na kama kuna fundi anaetazama kile kidirisha kabla ya kushika plaizi nambieni yuko wapi, nampelekea kesho. Wa "weka ya kawaida" msinijibu.