Mrejesho: nimechukua Xiegu G90

Wakuu, asanteni sana. Niliuliza nichukue redio ipi ya mawimbi mafupi (ya kurusha na kupokea) kwa bajeti ndogo: Xiegu G90 ya wati 20 au Yaesu FT-891 ya wati 100. Nimechukua G90. Aliyenishawishi ni mdau aliyeeleza kuwa tofauti ya nguvu hizo ni desibeli 7 tu, yaani kule anakosikiliza mwenzako mshale wa kupima nguvu ya mawimbi unapanda alama moja na kidogo tu ukirusha kwa wati 100 badala ya 20. Tena G90 ina tyuna ya antena ndani (kifaa cha kuioanisha redio na antena), FT-891 haina. Chenji imeenda kwenye daipoli (antena ya waya yenye mikono miwili) ya bendi ya mita 40, kila mkono kama mita 10, juu kadiri nilivyoweza. Jioni bendi ikifunguka, yaani mawimbi yakianza kufika mbali, sauti za mbali zinaingia safi kabisa! Feni ina kelele kidogo, navaa hedifoni.