Madalali wa ndege Tanga, acheni kutuuzia viti vya ngozi!

Wakuu, hili limenichosha.

Magrupu ya WhatsApp hapa Tanga yanazungusha tangazo lilelile: Citation II (jeti ndogo ya Cessna yenye injini mbili), "imetunzwa kama yai", picha kumi za ndani, viti vya ngozi, kabati la vinywaji. Uliza saa za injini, kimya. Kazana, utajibiwa: "Bado nusu uhai, bosi."

Nusu uhai ya nini? JT15D-4, ndiyo injini yake, inafanyiwa ovahoo (kufumuliwa na kukarabatiwa yote) kila saa 3,500, na katikati, kwenye saa 1,750, sehemu ya moto inafunguliwa: chemba ya kuunguzia mafuta, bleidi za turbini. Injini yenye saa 1,700 tangu ovahoo imebakiza saa 50 iingie karakana. Nazo ziko mbili! Halafu diski zinazozunguka ndani ya injini hazihesabiwi kwa saa, zinahesabiwa kwa mizunguko ya kuruka na kutua. Ndege ya kuruka Tanga hadi Dar na kurudi inamaliza mizunguko haraka kuliko saa, kwa hiyo dalali anayekutajia saa peke yake amekupa nusu ya hesabu.

Makaratasi ndiyo yanayotia uchungu zaidi. Kila kifaa chenye ukomo wa matumizi lazima kiwe na historia tangu kilipotoka kiwandani. Diski isiyo na historia ni chuma chakavu, hata ing'ae vipi. Nyie mnatuma PDF ya kurasa nne za mwisho mnaiita "logibuku kamili" (daftari la historia ya ndege). Za miaka ya mwanzo ziko wapi? Ndege iliwahi kugonga? Maagizo ya lazima ya usalama yametekelezwa lini, na nani kasaini?

Tukija kwenye amana, utaratibu unajulikana dunia nzima. Fedha inakaa kwa mtu wa tatu asiye na upande. Ndege inapelekwa kukaguliwa kwenye karakana ambayo haijawahi kuihudumia. Mnunuzi analipia ukaguzi, muuzaji anarekebisha kasoro zinazoizuia kuruka kihalali, na mnunuzi anaweza kurudishiwa amana wakati wowote kabla hajaikubali ndege kwa maandishi. Nyie mnataka iingie kwenye akaunti ya dalali kabla fundi hajaingiza boroskopu (kamera nyembamba ya ukaguzi) ndani ya injini. Huo ni mtego. Na kama ndege ina namba ya N, yaani imesajiliwa Marekani, rehani zake zinatafutwa kwenye daftari la FAA (mamlaka ya anga ya Marekani), Oklahoma City, pamoja na rejista ya kimataifa ya Mkataba wa Cape Town. Bila usajili wa ndege kufutwa Marekani, TCAA (mamlaka ya anga ya Tanzania) haikupi 5H, namba ya usajili ya Tanzania.

Kuna na hili la RVSM, kibali cha kuruka kule juu ambako ndege hupishana kwa futi 1,000 tu za kimo, halitajwi kabisa. Citation II isiyo na kibali hicho haipangiwi safari kati ya futi 29,000 na 41,000. Unabaki chini, unachoma mafuta kama jiko la mkaa lililotoboka, na ule umbali uliosifiwa kwenye tangazo hauupati.

Uliza pia Fezi 5, ule ukaguzi mkubwa wa ratiba, ilifanyika lini. Ni kila saa 1,200 au miezi 36, kinachotangulia. Ndege iliyolala miaka miwili bila kuruka ina saa chache kwenye karatasi, lakini kalenda haikulala.

Nyongeza, kwa aliyeuliza kuhusu chumvi: ndiyo, upepo wa bahari wa Tanga unakula bodi ya ndege. Fundi afungue sakafu, aangalie chini ya choo na chini ya kabati la vinywaji (lile lile mnalolipiga picha), viungo vya mbawa na mashimo ya magurudumu. Rangi mpya isiyo na hati ya kazi ni ya kutiliwa shaka, huenda inafunika kutu.

Na kwa aliyeuliza kama Citation II itatua hapa Tanga: vigeuza-msukumo (vinavyorudisha msukumo wa injini mbele ili kusaidia breki) kwenye Citation II vilikuwa vya hiari, nyingine hazina. Dai hesabu ya umbali wa kuruka na wa kusimama kwa uzito kamili, joto la nyuzi 32, njia ya kurukia ikiwa imelowa, injini moja ikifa kabla ya kunyanyuka. Linganisha na urefu wa njia ya Tanga uliochapwa na TCAA. Dalali akisema "inatosha tu", mwambie aandike na asaini.