Naombeni ushauri: mtoto wa darasa langu la chekechea (shule ya Kiyahudi) maneno hayamtoki

Mama Chekechea
Habari zenu wapendwa. Mimi ni Mtanzania, niko New Jersey, Marekani, mwalimu msaidizi wa chekechea katika shule ya Kiyahudi. Watoto wananiita Mora, mwalimu kwa Kiebrania.

Kuna mtoto wa miaka mitano ananinyima usingizi. Akili anayo, picha ya kuunga vipande anaimaliza kabla ya wenzake. Ila maneno hayamtoki. Kila Ijumaa tuna sherehe ndogo ya Sabato, na mtoto mmoja anakuwa "baba wa Sabato": anataja mishumaa, juisi ya zabibu na hala, ule mkate wa kusukwa. Zamu yake ilipofika aliunyooshea kidole: "Kile... kile cha kula." Akanyamaza, machozi yakamlenga. Mkate huo anaula tangu anaota meno.

Herufi nazo shida. Asubuhi Kiingereza, tunaanzia kushoto. Baadaye Kiebrania, tunaanzia kulia. Daleti (ד) na reshi (ר) kwake ni kitu kimoja. Mwalimu wa darasa anasema bado mdogo. Nyumbani wanaongea Kirusi, na mama yake kaambiwa akiache ili mtoto asichanganyikiwe. Nifanyeje?

Mzee wa Busara
Wangu alichelewa kuongea mpaka miaka minne, sasa yuko sekondari. Msubirini tu.

Tiba ya Usemi
Mzee wangu, samahani, huyu anaongea. Kinachomgomea ni kulipata neno. Hiyo si ya kusubiri.

Dada, kwanza mama asiache Kirusi. Lugha mbili hazileti tatizo hili. Likiwepo, huonekana katika lugha zote za mtoto, kwa hiyo muulize: kwa Kirusi pia anasahau majina ya vitu vya kila siku? Na mama akiacha lugha anayoimudu, nani atamsimulia mtoto hadithi usiku?

Daleti na reshi usizifundishe wiki moja. Shika daleti mpaka aizoee, reshi ije baadaye. Mwagia unga kwenye sinia, achore kwa kidole huku akitamka sauti yake. Daleti ina kona iliyochongoka juu kulia, mwache aiguse. Reshi imepinda kama bega. (Unga uchukue jikoni mwa shule, usilete wa kwako, kwa ajili ya kosher, yaani sheria zao za chakula. Pasaka yao ikikaribia unga wa ngano hautakiwi kabisa, tumia mchanga.) Kwenye karatasi weka nukta ya kijani pa kuanzia: kulia kwa Kiebrania, kushoto kwa Kiingereza.

Ukimuuliza, hesabu moyoni mpaka kumi kabla ya kumsaidia. Utaona kumi ilivyo ndefu.

Ustadhi Tanga
Mimi nafundisha chuoni (madrasa), Kiebrania sikijui. Ila herufi za Kiarabu jimu, haa na khaa nazo zinatofautiana kwa nukta tu, na nilikuwa na mtoto aliyechapwa kwa kuzichanganya huko alikotoka. Nikagundua akiimba na wenzake hakosei. Nikaacha kumsimamisha peke yake mbele za watu. Tuliimba, mimi nagusa herufi kwa kijiti, hadi siku moja akanipokonya kijiti akaendelea mwenyewe. Dada, siku ya hala mpe mwenzake wataje pamoja.

Baba Wawili
Nina mtoto kwenye shule binafsi hapa Marekani. Mama aandike barua kwa wilaya ya elimu ya umma ilipo shule, aombe mtoto apimwe. Ni bure, hata kama shule ni ya dini. Sheria ya taifa inataja siku 60 tangu mzazi atie sahihi ya kukubali, ila majimbo mengine yana muda wao. Asitegemee huduma zote wanazopata wa shule za umma. Na wewe usimruke mwalimu wa darasa. Andika tarehe na maneno ya mtoto, mpelekee.

Mama Chekechea
Mungu awabariki. Nilimpelekea mwalimu kurasa mbili, akazisoma kimya, tukamwita mama pamoja. Kumbe hata kwa Kirusi kijiko anakiita "cha supu". Barua kaandika jana.

Mwalimu akanisimulia kwamba zamani Wayahudi walipaka asali kwenye herufi, mtoto anayeanza kusoma ailambe. Leo tumechora daleti ya asali kwenye kisahani. Akaifuata kwa kidole taratibu, alipofika kwenye kona akasimama, akasema "d", ndipo akalamba.